Karani Asiyewahi Kumwona Tembo

Mtu akiiagiza programu ya akili unde, kwa sentensi moja tu, imwandikie barua ya kutetea tembo, jibu huja kabla hajameza mate. Barua huanza kwa kutumaini kwamba inamkuta mheshimiwa akiwa na afya njema. Aya ya pili husema tembo ni hazina ya taifa na urithi wa vizazi vijavyo. Ya tatu hutaja ujangili, mabadiliko ya tabianchi na ukataji wa misitu, vyote kwa mkupuo mmoja. Mwishoni mheshimiwa huombwa achukue hatua madhubuti na za haraka. Sarufi haina kasoro. Lakini afisa anayeisoma, ambaye asubuhi hiyo amewekewa mezani jalada nene la barua nyingine, hawezi kujua imetoka wilaya gani, inalalamikia nini, wala yeye anatakiwa afanye nini akishaimaliza. Anaandika “imeonwa” pembeni na jalada linafungwa.

Zamani, nje ya posta na mahakama za miji mingi ya Afrika Mashariki, walikaa waandishi wa barua na taipureta zao. Mwenye shida alikalia kibao, akaeleza yaliyomsibu, na karani akamhoji: lini, wapi, nani alikuwepo, unadai nini hasa? Karani mzuri hakubuni mpaka wa shamba wala jina la shahidi. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, ni karani wa namna hiyo kwa wepesi wa mkono, ila ina tabia mbaya: isipopewa habari haiulizi, hujijazia yenyewe. Anayetaka kuitumia kutetea wanyamapori hana budi kuja na mzigo wake mwenyewe wa habari, kisha aiachie programu kazi ya kuupanga.

Barua zimewahi kuzuia mambo makubwa. Mwaka 1989 mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipopata habari kwamba jengo la ghorofa 60 lingesimamishwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, alianza kwa kuandika. Aliiandikia kampuni ya magazeti iliyokuwa mbele ya mradi huo, Ofisi ya Rais, wakuu wa jiji na mkoa, mawaziri na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia hata Balozi wa Uingereza nchini Kenya, kwa sababu tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, alikuwa mmoja wa wabia. Alidhihakiwa bungeni, na shirika lake la Green Belt Movement likaondolewa kwenye ofisi za serikali. Hata hivyo wawekezaji wa nje waliingiwa na wasiwasi, mradi ukapunguzwa, halafu ukafa. Mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushwa bustanini ukabomolewa. Bustani ya mjini si mbuga ya wanyama, ni kweli. Lakini anayejifunza kuandika barua za utetezi angefaidika zaidi kwa kuisoma orodha ya anwani za Maathai kuliko kuitafuta lugha tamu.

Kujua nani wa kuandikiwa ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote, na ndipo programu inapokosea mara nyingi.

Mfano mzuri ni ushoroba wa Kwakuchinja, kaskazini mwa Tanzania, ambao tembo, nyumbu na pundamilia huupita kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Ushoroba huo unagusa Wilaya ya Babati mkoani Manyara na Wilaya ya Monduli mkoani Arusha. Unapita kwenye ardhi za vijiji, kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge na kwenye Ranchi ya Manyara, na unakatwa na barabara kuu itokayo Arusha kwenda Babati na Dodoma. Mkazi anayeumizwa na pundamilia wanaogongwa na malori usiku ana shauri la TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa kuwa anachotaka ni matuta, vibao na kupunguzwa kwa mwendo. Jirani yake anayeona mashamba mapya na ua wa waya vikiziba mapito ana shauri la halmashauri ya kijiji na ya wilaya, ambako matumizi ya ardhi hupangwa. Suala likihusu wanyama walio nje ya hifadhi za taifa, linaangukia TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Likiwa la ndani ya hifadhi, linaangukia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Na anayetaka ushoroba utangazwe rasmi amwandikie Waziri mwenye dhamana ya maliasili, maana kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, kinampa mamlaka ya kutangaza shoroba kwa kushauriana na serikali za mitaa. Kanuni za shoroba zenyewe zilitoka mwaka 2018.

Yote hayo ni mahali pamoja. Barua ileile ikipelekwa kwa mtu asiye na mamlaka hayo, hata iwe imeandikwa na malenga, itajibiwa kwamba “suala lako limepelekwa panapohusika”, na hapo safari huwa imekwisha.

Programu hujifunza kutokana na maandishi ya nyuma, na mipaka ya hifadhi haikai ilivyoandikwa. Sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Usimamizi wake ukahamia TANAPA. Mwaka huohuo mapori ya akiba ya kaskazini magharibi yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Maandishi mengi juu ya Selous ni ya kabla ya mabadiliko hayo, kwa hiyo programu isiyochunguzwa itamwelekeza mwandikaji kwenye ofisi isiyoshughulika tena na eneo lake. Majina ya mawaziri nayo hubadilika kila baraza linapopangwa upya. Ni salama zaidi kuandika cheo bila jina, na kupiga simu moja kwenye ofisi husika kuhakiki anwani. Simu hiyo haina mbadala wa kiteknolojia.

Baada ya anwani huja ushahidi. Kabla ya kuigusa programu, mwandikaji anapaswa kuwa na ukurasa mmoja wa habari zake mwenyewe, hata kama umeandikwa kwa penseli: tarehe na saa, mahali panapotambulika, mnyama gani na wangapi, kilichotokea, walioshuhudia, afisa aliyearifiwa na alichojibu. Tukio moja lililoandikwa hivyo lina uzito kuliko aya tano za huzuni. Afisa anaweza kulifuatilia, anaweza kutuma askari wa wanyamapori, na akilipuuza anajua kuna rekodi.

Ukurasa huo uwe na upande wa watu pia. Barua inayomtetea tembo bila kutaja mahindi aliyoyala husomeka kama ya mgeni aliyepita na gari la watalii. Watumishi wa wilaya hushughulika kila msimu na madai ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imetaja fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu, na madai huanzia kwenye kamati ya kaunti. Mtu anayeomba mapito ya tembo yasizibwe, na papo hapo akaomba madai ya majirani zake yashughulikiwe, ametoa hoja ambayo ofisi haiwezi kuitupa kwa kusema anajali wanyama kuliko binadamu. Akili unde haitaleta hoja hiyo yenyewe. Imesheheni maandishi ya mashirika ya mbali, ambamo tembo huonekana na mkulima haonekani.

Halafu kuna ombi. Liwe moja, na liwe la kutekelezeka.

Mwaka 2010, Tanzania ilipokusudia kujenga barabara kuu kukatiza kaskazini mwa Serengeti, wataalamu 27 waliandika katika jarida la Nature kuipinga. Walisema kipande cha kilomita kama 53 ndani ya hifadhi kingeweza kuvuruga msafara wa nyumbu milioni 1.3 na kuwapunguza hadi chini ya laki tatu. Lakini hawakuishia kwenye kupinga: walipendekeza njia ya kusini, nje ya hifadhi, ambayo ingewafikia watu wengi zaidi. Pendekezo hilo liliwapa wengine cha kushika, na Ujerumani na Benki ya Dunia zikaonyesha utayari wa kusaidia njia mbadala. Mwaka 2011 Serikali iliiandikia UNESCO kueleza kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe. Wakati huo shirika la Africa Network for Animal Welfare la Nairobi lilikuwa limekwishafungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha, ambayo Juni 2014 iliizuia barabara ya lami kupita humo. Neno “msijenge” peke yake lisingefika mbali hivyo.

Mwandikaji akiwa na anwani, ukurasa wa ushahidi na ombi, sasa programu ina kazi ya kufanya. Agizo linalofaa linaweza kusomeka hivi: “Mimi ni mkazi wa kijiji kilicho kwenye mapito ya tembo. Nataka kumwandikia Meneja wa TANROADS wa mkoa nimuombe matuta mahali wanyama wanapogongwa. Usiandike barua bado. Niulize swali mojamoja mpaka upate habari za kutosha. Usiongeze takwimu, kifungu cha sheria wala jina ambalo sijakupa. Pasipo na habari, andika HAIJULIKANI.” Neno hilo la mwisho kwa herufi kubwa lina faida kubwa: linaipa programu pa kuweka pengo, nayo huacha kulijaza kwa kubuni. Asiyependa kuchapa anaweza kuzungumza kwa sauti kwenye simu na kuiachia programu ipange maneno yake. Wazee wengi wenye kumbukumbu ndefu za mapito ya wanyama hueleza vizuri zaidi kwa mdomo, na kijana mwenye simu anaweza kukaa nao jioni moja akawarekodi.

Rasimu ikishatoka, agizo la pili ni ifupishwe iingie kwenye ukurasa mmoja. La tatu ndilo lenye tija kuliko yote, na wachache hulifikiria: programu iambiwe ijifanye afisa asiyetaka kusumbuka, itaje sababu zote anazoweza kuzitumia kuiweka barua kando. Itasema: hakuna tarehe. Haijulikani kilomita gani ya barabara. Mlalamikaji hajaonyesha kama alikwishafika ofisi ya kata. Hapo programu ni hodari kweli, kwa sababu kutafuta matundu hakuhitaji iwe imewahi kukanyaga Babati.

Takwimu zihakikiwe kwa macho makavu. Sensa iliyotangazwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa wameshuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Selous peke yake ilikadiriwa kuwa na tembo 109,419 mwaka 1976. Mwaka 2013 walihesabiwa 13,084. Hizo laki moja na elfu tisa ni mbili: moja ya nchi nzima, nyingine ya mfumo mmoja wa ikolojia miaka 33 nyuma yake. Mtu mwenye haraka huzichanganya, na programu huzichanganya bila kuona haya. Kosa la pili ni kuichukua hesabu ya mwaka 2014 na kuiandika kana kwamba ni ya jana. Mtumishi wa wizara anayezifahamu takwimu hizo akiona moja imekosewa, ana haki ya kuitilia shaka barua nzima. Kwa hiyo kila namba iende na mwaka wake, eneo lake na aliyehesabu. Isiyoweza kuonyeshewa karatasi ifutwe. Barua ya kijiji haihitaji namba za bara zima. “Tangu Machi tumeokota pundamilia wanne kati ya daraja na shule” inatosha, mradi ni kweli.

Sheria nazo ni hivyo hivyo, ila adhabu ni kali zaidi. Mwaka 2023, mjini New York, mawakili katika kesi ya abiria aliyeishtaki kampuni ya ndege ya Avianca waliwasilisha maelezo yaliyoandaliwa kwa ChatGPT. Kesi kadhaa zilizotajwa humo hazikuwahi kuwepo duniani. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza dola 5,000. Kama wenye taaluma hiyo walinaswa, mkazi wa kawaida asijiamini kunukuu kifungu ambacho hajakiona katika andiko lenyewe la sheria. Njia bora ni kuipakua sheria, kuipa programu kurasa zinazohusika na kuitaka ieleze kwa Kiswahili chepesi, ikionyesha kila jibu limetoka kifungu kipi. Kisha kifungu hicho kifunguliwe na kusomwa kwa macho.

Inafaa pia kujua kwamba hoja ya utaratibu mara nyingi huwa na nguvu kuliko hoja ya uzuri wa mnyama. Katika shauri la kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotarajiwa Lamu, leseni ya mazingira ilifutwa na mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya tarehe 26 Juni 2019. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanyika kabla ya taarifa ya tathmini kukamilika, na taarifa ilipotoka hawakupewa nafasi ya kweli kuijadili. Lamu ina mikoko, kasa na samaki wa kuandikia vitabu, lakini leseni iliangushwa na swali la nani aliitwa mkutanoni, lini, na aliambiwa nini. Tathmini za athari kwa mazingira huwa na mamia ya kurasa, nyingi kwa Kiingereza. Kuisomea jamii taarifa ya namna hiyo, sura kwa sura, na kuonyesha mahali wanyamapori walipotajwa kwa mistari miwili tu, ni kazi ambayo akili unde inaifanya kwa dakika chache na mtu angeifanya kwa wiki.

Nchini Kenya, anayelipeleka suala bungeni anafuata masharti ya Sheria ya Maombi kwa Bunge ya mwaka 2012, iliyotungwa kuitekeleza haki iliyomo katika ibara ya 119 ya Katiba. Ombi linaweza kuwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa chapa. Lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa au kupachikwa katikati ya mistari. Lieleze kama ofisi husika ilikwishaombwa kulishughulikia na ilijibu nini, na kama suala liko mahakamani. Limalizike kwa ombi la wazi lenye heshima, likiwa na majina, anwani, namba za vitambulisho na saini au alama za dole gumba. Orodha hiyo ikipewa programu pamoja na rasimu, itaonyesha kilichosahaulika. Mara nyingi kilichosahaulika ni kile kipengele cha ofisi zilizokwishaombwa, na hapo mtu hugundua kwamba alipaswa kuanza na barua ya chini kabisa, si ya juu kabisa.

Kwa upande wa lugha, barua rasmi ya Kiswahili ina sura yake na programu nyingi haziijui. Huleta salamu za kutafsiri na sifa zilizopangwa tatutatu. Barua ya ofisi ina S.L.P., tarehe, kumbukumbu namba kama ni ya kujibu, “Yah:” na kichwa cha habari kinachotaja mahali na jambo. Ikipitia kwa mtendaji wa kijiji au kata, K.K. (kupitia kwa) iandikwe na mhuri ugongwe. Barua inayoruka ngazi hurudishwa, na mwandikaji huonekana hajui taratibu. Nakala zitajwe chini. Dawa rahisi ni kuipa programu barua halisi ya ofisi iliyofanikiwa, baada ya kufuta majina ya watu, na kuiambia iifuate sura hiyo. Kisha rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Sentensi inayomkwaza msomaji ibadilishwe kwa maneno ambayo mwenye barua angeyasema mbele ya mkuu wa wilaya.

Kinyume chake, barua ikienda kwa mfadhili Ulaya au kwa Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO jijini Paris, hapa mashine inastahili sifa zake zote. Mfugaji anayesema Kimaasai na Kiswahili anaweza sasa kumwandikia meneja wa benki ya nje kwa Kiingereza au Kifaransa kilichonyooka, bila kumsubiri msomi wa kumwazima kalamu. Asiache tu kumtafuta mtu anayejua lugha hiyo ahakiki kwamba “pori tengefu” halikugeuka hifadhi ya taifa njiani, maana haki za watu katika maeneo hayo mawili ni tofauti kabisa.

Kuna mambo yasiyopaswa kuingia kwenye programu hata kidogo. Mahali hasa anapolala faru, njia ya kila siku ya tembo dume mwenye pembe ndefu, mti wenye kiota cha ndege adimu: habari hizo ni ramani ya jangili. Barua inaweza kusema “ndani ya kata hii” na kumweleza afisa kwamba vipimo kamili atapewa ana kwa ana. Majina ya waliotoa siri za ujangili yabaki nje pia, pamoja na namba zao za simu na vitambulisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini sheria huja baada ya madhara. Shahidi aliyetajwa huishi na majirani zake leo. Na picha ziwe zilizopigwa kwa kamera. Mzoga mmoja wa kutengenezwa na kompyuta ukigunduliwa kwenye kiambatisho, picha halisi kumi zilizo pamoja nao zimeharibika.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni wingi. Kama programu inaandika barua moja kwa sekunde kumi, kwa nini zisitumwe elfu, kila moja kwa maneno tofauti na jina tofauti? Marekani imekwishaonyesha mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ya huko ilipowauliza wananchi maoni kuhusu kanuni za intaneti, ilipokea zaidi ya milioni 22. Uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta karibu milioni 18 zilikuwa bandia. Milioni 8.5 zilitokana na kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti, milioni 7.7 upande wa pili zilitumwa na mwanafunzi mmoja wa chuo aliyetumia programu kubuni majina. Mwaka 2019 mwanafunzi wa Harvard alifanya jaribio kwa kutuma maoni 1,001 yaliyoandikwa na mashine kuhusu mpango wa afya wa jimbo la Idaho, yakawa zaidi ya nusu ya maoni yote. Watu walioulizwa wayatofautishe na ya binadamu walibahatisha tu. Aliyaondoa mwenyewe baadaye.

Matokeo ya mchezo huo ni kwamba ofisi huacha kuamini barua za kweli. Wala hakuna haja ya wingi huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Sarah Kreps na Douglas Kriner, walituma mwaka 2020 barua pepe zaidi ya 32,000 kwa wabunge wa mabunge ya majimbo ya Marekani wapatao 7,000. Nyingine ziliandikwa na wanafunzi, nyingine na mashine. Kiwango cha kujibiwa kilitofautiana kwa chini ya asilimia mbili. Maana yake ni kwamba barua ya mashine hupita mlangoni karibu sawa na ya mtu. Tofauti itatokana na kinachofuata, pale afisa anapompigia simu mwenye saini na kumuuliza alichokiona. Aliyesaini lazima aweze kujibu.

Vijiji vya Tanzania vina njia ya wingi iliyo halali na yenye uzito zaidi: mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18. Barua moja yenye kiambatisho cha muhtasari wa mkutano huo na orodha ya mahudhurio yenye saini haiwezi kuitwa ya mtu mmoja mwenye chuki na mwekezaji. Programu inaweza kupanga muhtasari kutokana na kumbukumbu za katibu. Isiongeze azimio ambalo halikupitishwa, na waliopinga watajwe kuwa walipinga. Muhtasari usio na sauti ya kupinga hata moja kuhusu tembo hauaminiki.

Baada ya kutuma kuna kazi ya masjala. Barua ipelekwe kwa mkono pale inapowezekana, na nakala igongwe mhuri wa mapokezi wenye tarehe; ikienda kwa barua pepe, jibu la kuthibitisha kupokelewa lihifadhiwe. Kama kinachohitajika ni hati, kwa mfano taarifa ya tathmini au mkataba wa kitalu cha uwindaji, iandikwe barua tofauti kwa kutumia sheria za kupata taarifa za mwaka 2016: Tanzania inaipa ofisi siku 30 kujibu, Kenya siku 21. Siku zikiisha, iende barua ya kukumbusha. Itaje tarehe ya barua ya kwanza, iambatishe nakala yenye mhuri, irudie ombi lilelile bila kuongeza malalamiko mapya, na nakala yake ipelekwe ngazi moja juu. Aya mbili zinatosha, na hiyo akili unde inaweza kuachiwa iandike yote.